Kitanda cha Mama pale Gachoka

Dublin, jioni ya mvua

Kwako Dada Marigu,

Makutano kunasemaje, na huo mgongo wako umekubali kutulia au bado unakugombeza kila ukiinuka kitini? Shemeji naye? Sisi huku tuko, wazima wa mwili. Nkirote ana mafua, lakini huyo hujawahi kumwona bila mafua. Igoki ameanza kukaa mwenyewe. Anaangukia upande mmoja kila mara, na hajali.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Umeniuliza tulimfanya nini Mama pale Gachoka, maana hataki tena kusikia habari za kuja kukaa nasi anilelee mtoto, na kila ukimuuliza anakwambia mguu unamuuma. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya Mama hupokelewa mbele ya kijiji kizima, na yako inashikwa na wanao. Barua hii inabebwa na mwenzetu wa kanisani anayekuja Meru. Isome peke yako kwanza.

Ile likizo yetu ya kiangazi wewe uliona nusu tu, ile nzuri. Pale Kinoru kwa wakwe zangu kulikuwa na baridi na chai, na Nkirote alibebwa kutwa kucha kwa sababu ana jina la mama wa mume wangu Mutwiri. Alikuwa akisema "chini, chini," na hakuna aliyemweka chini. Ulipotuaga tukaingia kwenye gari la kuazima tukateremka Mbeere. Igoki alitapika kila kona. Nkirote alivua kiatu akakitupa dirishani, na kwa sababu baba yake alikuwa akipita lori hakusimama. Kiatu hicho kiko mahali fulani baada ya Chuka. Aliyekiokota ni chake.

Gachoka jua lilikuwa kali, vumbi ndiyo usiseme. Mama alikuwa langoni na leso mpya. Hakunisalimia mimi, alimchukua Igoki, mwenye jina lake, mikononi, akamwangalia usoni, kisha akamtemea mate kidogo kifuani ya kumbariki, akasema, "Huyu ni mimi. Nimejiona." Dada, mimi si mtu wa machozi, unanijua. Siku hiyo nililia kama mjinga, na gari bado linanguruma.

Sasa nyumba ya Mama unaijua, sebule na chumba kimoja, na jiko liko nje. Mama akatupa chumba mimi na watoto, yeye akahamia jikoni. Mutwiri alipanga loji pale senta, kama mkwe yeyote mwenye adabu. Mkwe halali kwa mama mkwe, hilo hata huku ng'ambo halijatutoka. Asubuhi anakuja, anakaa kile kiti cha karibu na mlango, anakunywa uji, anasema "ndiyo Mama" na "asante Mama", giza likianza kuingia anaondoka. Mambo yalikwenda vizuri kabisa. Mama mwenyewe alimsifu kwa majirani, ati Mmeru gani huyu mpole hivi.

Shida ilikuwa Nkirote. Mtoto huyu hapati usingizi wa mchana ila kifuani mwa baba yake. Nimejaribu mgongoni, nimejaribu kumwimbia, nimejaribu kumtisha. Siku hiyo joto lilikuwa limemshinda, akalia mpaka mbuzi wakaacha kula wakamtazama. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba namwosha Igoki. Mama alikuwa ametoka. Nkirote akamshika baba yake kidole, akamvuta hadi chumbani, akapanda kitandani, na Mutwiri akamfuata. Yeye alijua ni chumba cha mkewe. Hakuwahi kukiingia, na mimi sikuwahi kumwambia kwamba Mama ametuachia kitanda chake mwenyewe. Nilipaswa kumwambia? Labda. Yeye alipaswa kuuliza? Labda pia. Akavua shati kwa sababu ya joto, mtoto akalala, naye akalala.

Mama alirudi na kina mama wa kikundi chake, wamebeba ndengu, maziwa na nguo za kumwona Igoki. Wanaimba. Mama akaingia chumbani kutoa vikombe vya wageni, vile anavyoweka chini ya kitanda. Akamkuta mkwe wake kifua wazi, amelala chali juu ya kitanda alichotuzalia sisi sote, na mlango uko wazi, na kina mama wako nyuma yake.

Hakupiga kelele. Alirudisha mlango polepole, akawageukia, akasema, "Mtoto amelala. Chai tutanywea nje." Wakanywea nje. Vikombe viliazimwa kwa jirani. Hakuna aliyetaja kitu, na Shangazi pekee ndiye aliyenisogelea akaninong'onezea, "Wanja, hapo ni mbuzi." Mutwiri alipoamka nikamweleza alipokuwa amelala. Nilimwona akitafuta shati lake na limo mkononi mwake.

Mbuzi akapatikana, Mjomba akampeleka kwa niaba yake, maneno yakasemwa, mbuzi akachinjwa. Mama akasema yamekwisha, na mimi naamini kwa upande wa mbuzi yamekwisha kweli. Kwa hiyo usimlaumu Mutwiri tena kwenye simu, tafadhali. Alilipa alivyotakiwa.

Lililobaki ni hili. Siku ya kuondoka Mama alikuwa anamfunga Igoki leso, akaniuliza bila kuniangalia, "Huko kwenu kuna vyumba vingapi?"

"Viwili, Mama. Na sebule ndogo."

"Na bafu?"

"Moja."

"Mnatumia nyote?"

"Sisi sote."

Akasema "haya", akakaza fundo la leso. Mimi nikadhani anauliza tu. Haki, jinsi nilivyo mjinga! Mwaka mzima tulikuwa tunapanga safari yake, picha za pasipoti, koti la baridi, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kwamba atalala ukuta mmoja na mkwe wake na kungoja zamu ya bafu akiwa na taulo. Yeye mwenyewe hakufikiria, mpaka alipoufungua ule mlango. Hana kinyongo, Dada, wala hana mguu. Ana haya. Na mimi narudi kazini kuwatunza wazee wa watu, na Igoki sina wa kumwachia. Mama alitaka nimwache huko naye. Aliniambia, "Niachie jina langu nililee." Nilikataa, na kumkatalia kuliniuma kuliko nitakavyoweza kukuandikia.

Nilimweleza Mutwiri haya yote tuliporudi. Akaendelea kupiga pasi. Halafu akasema, "Basi nitatoka mimi."

"Utoke uende wapi?"

"Kwa Kobia. Ana kochi."

Kobia ni Mmeru mwenzake, wanaendesha magari ya mizigo pamoja. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema mpaka mtoto atembee. Nilikasirika, nisikudanganye. Nilimwambia sikuolewa ili niachwe kwa heshima. Akacheka. "Hakuna anayekuacha. Mama aje akute nyumba ni yake, akae miguu imenyooka. Mimi nitakuja kula nikiitwa."

Na kweli, hakungoja hata tumuulize Mama. Amebeba nguo zake na wembe wake. Anapita asubuhi akitoka kazini, anampeleka Nkirote shule ya chekechea, anasimama pale mlangoni kama mgeni. Mchana Nkirote analala akiwa amechoka kulia. Sikufichi.

Sasa kazi yako ni hii. Nenda Gachoka, usipige simu. Msomee Mama kwa Kimbeere, usiruke mahali, hata pale pa shati. Nisalimie Shemeji na wanao, na ukipita Kinoru mwambie mama mkwe wangu kwamba mwanawe anakula vizuri, hilo la kochi mwachie Mutwiri amwambie mwenyewe. Msalimie Shangazi aliyenionya, na Mjomba aliyetupelekea mbuzi, nawashukuru.

Mama mwambie asifikirie sana, ajibu upesi. Ninaishi kwenye nyumba ambayo mume ameshatoka na mama hajaingia.

Ni mimi mdogo wako,
Wanja