Kitambaa Chini ya Boneti

Kaka yangu,

Hatujambo, ingawa kuku wako wanakula bure. Jumatatu Baba alinibadilishia oili ya gari. Tangu hapo likawa linanuka kama nguo inayoungua, na jana moshi ukaingia ndani wanangu wakiwa nyuma. Nikawatoa mbiombio, nikafungua boneti. Kitambaa cha kufutia mikono kilikuwa juu ya bomba la moshi, kimeungua nusu.

Baba huyu huyu, fundi wa miaka arobaini, aliyetufundisha kuhesabu vitambaa kabla ya kufunga boneti!

Nilimpelekea. Akakigeuzageuza, akasonya. "Fundi gani mzembe hivi? Usimpe gari tena."

"Sawa, Baba."

Kaka, njoo. Funguo za gari lake nimezificha kwenye kopo la unga, na tangu asubuhi anazitafuta.

Mdogo wako