Alama Moja ya Kutoa

Chumba cha Vipimo,
Kituo cha Darubini,
14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na sasa unapanda ngazi bila kuwasema waliozijenga. Baba Mkubwa je, kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima, nimekonda kidogo tu, na leo nimelala kutwa kama gogo. Nisamehe kwa kimya changu. Ningekuandikia wiki iliyopita ungeiona hofu hata kwenye mwandiko.

Unajua tunajaribu chombo kipya kwenye darubini kubwa. Kinapokea mwanga wa nyota, ule wa joto usioonekana kwa macho, kinaupitisha kwenye upenyo mwembamba kama unywele, kisha kinauchambua. Kina namna tatu za kutazama, na zote lazima zipimwe kabla watafiti hawajakabidhiwa.

Mbili zilipita. Katika ya tatu, darubini huisogeza nyota huku na huku ndani ya upenyo, kisha tunalinganisha picha mbili ili kufuta mng'ao wa anga. Programu yake niliiandika mimi. Hiyo ikagoma. Kwa taa za majaribio, mambo shwari. Kwa nyota, picha ya kwanza inayo, ya pili tupu.

Lawama zikamwangukia fundi aliyekifunga chombo, mtu mzima tunayemwita Mzee Spana. Eti hakukikaza, kinacheza. Akaapa kwamba alikikaza, wapi! Mkuu wa mradi akaamua: Jumatatu chombo kifunguliwe, na fundi arudi kwao. Kukifungua si mchezo, Shangazi. Kinakaa kwenye baridi kali. Kukipasha joto na kukipoza tena ni mwezi mzima. Nami niliitikia kwa kichwa pamoja na wenzangu. Hilo linaniuma hadi leo.

Alhamisi alasiri nikaipitia programu yangu mstari kwa mstari. Palipotakiwa alama ya kujumlisha, nimeweka ya kutoa! Darubini ilikuwa inasogea upande usio wake, nyota inatoka nje ya upenyo. Taa hazikunisuta kwa kuwa zenyewe huujaza upenyo wote.

Ningeweza kusahihisha kimyakimya, watu wakadhani chombo kimejiponya. Lakini kupitia mlangoni nilimwona Mzee Spana akifunga sanduku lake la vifaa. Nikaenda kwa mkuu.

"Kosa ni langu," nikamwambia. "Fundi hana hatia."

"Una hakika?"

"Tujaribu, uone mwenyewe."

Kwa kuwa kinatazama mwanga wa joto, chombo hiki hakingoji giza. Nikaisahihisha ile alama; jua lilikuwa ndiyo kwanza linazama. Picha ya kwanza, nyota. Ya pili, nyota! Wenzangu wakapiga makofi, mimi nikaangua kilio.

Mkuu alinifokea, na ilikuwa haki yake, kisha akamwomba fundi radhi mbele ya wote. Nami nikamfuata karakana, nikamwomba radhi.

"Binti yangu," akasema, "wiki tatu nilikuwa naitazama mikono hii nikidhani imezeeka. Kumbe bado."

Akanipa kiti, akarudi kukaza skrubu zake akipiga mluzi.

Nisalimie Baba Mkubwa, binamu zangu pacha, na Bibi. Mwambie nakula vizuri, hata kama hataamini. Mungu akulinde, akupe usingizi mwema kama niliopata mimi.

Ni mimi mwanao, nikupendaye siku zote,
Bi Kwanini