Ngazi ya Jumba la Kiingereza, Mirdif

Fundi Seif,

Kwa heshima na taadhima, nachukua nafasi hii kukutangazia, wewe pamoja na wote walio karibu nawe huko, kwamba mimi Mutua nimenunua miwani. Ya kusomea, fremu nyeusi, duka la karibu na kituo cha metro Rashidiya. Sasa nauona mstari wa penseli kwenye ubao, na nimegundua kwamba miaka yote ile nilikuwa nakata pembeni yake. Wewe ulikuwa ukilaumu mikono yangu. Yalikuwa macho, Fundi. Naomba rekodi irekebishwe.

Habari nyingine haichekeshi. Ni ile nyumba ya Mirdif.

Unaikumbuka siku arbab, tajiri mwenye nyumba, alipokuja karakana na kitabu chake cha picha? Alisomea Uingereza ujanani, akalala wikendi moja katika jumba la ukoo wa rafiki yake, la miaka mia nne, na tangu hapo hakupata raha mpaka ajenge lake. Madirisha marefu yaliyogawanywa kwa nguzo za mawe, vioo vidogo vidogo. Ukumbi uliofika hadi paa, na roshani ya wapiga muziki juu yake. Kuta zilizovikwa mbao toka sakafuni hadi juu ya kichwa cha mtu. Ulifungua kurasa taratibu, ukasema, "Hawa wanaishi ndani ya sanduku, Mutua." Ukahesabu dohani: sita. "Na huo moto watauwasha wa nini, kwa joto la Mirdif hii?" Arbab akacheka, akasema za kwake zitapitisha AC. Wewe hukumsikia. Ulishafika kwenye ukurasa wa ngazi.

Ngazi ile ilikuchukua miezi saba. Inazunguka uwazi wa mraba, na kila kona ina nguzo nene yenye kichwa cha kuchonga. Kitabuni vichwa vile vilikuwa matunda ya mwaloni. Hukuwahi kuliona tunda la mwaloni maishani, na mimi ndiyo kabisa. Ukachonga karafuu. Arbab akainama, akavaa uso wa mjuzi, akasema ni mwaloni mtupu, vilevile kama kule. Hatukuthubutu kutazamana mpaka tulipofika garini.

Sasa nisikilize. Tangu tukuzike, ngazi yako inapandwa na mtu asiyeonekana.

Nduku, yule binti wa Kitui anayefanya kazi mle ndani, ndiye aliyenipigia. "Uncle, huyo mzee wako amerudi. Walai! Kila siku alasiri anapanda." Nikamwambia apunguze sinema. Nikaenda mwenyewe, nikisingizia kupaka mafuta mkono wa ngazi. Madam, mke wa arbab, alikuwa amekwenda kuchukua watoto shuleni, nyumba kimya. Baada ya saa tisa kidogo, kidato cha kwanza kikalia. Kra. Hakuna mtu. Cha pili. Cha tatu. Halafu kimya, kama mtu anayepumzisha goti. Cha nne. Cha tano. Cha sita. Basi. Hakufika juu.

Fundi, mwendo wa goti lako naujua, nilitembea nyuma yake miaka kumi na moja. Mafuta yalinimwagikia viatuni. Nduku alikuwa ameshafika getini, slipa moja mguuni, nyingine mkononi.

Akili ilirudi baadaye. AC ya ukumbi huwashwa saa tisa, kabla watoto hawajarudi. Mbao zinakauka, zinajivuta, zinalia. Nilimweleza madam kwa sauti ya mtaalamu. Hakutaka kusikia. Watoto hawapandi tena, wanalala chini kwenye majlis, sebule ya wageni. "Khalas, Mutua. Jumamosi wanakuja watu. Wanaing'oa, wanaweka ya marumaru."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kazi yako ya mwisho, ile uliyosema ndiyo ungependa uulizwe habari zake, ipigwe nyundo kwa sababu watu wanadhani ni mbovu, au kwamba wewe umo ndani yake. Na bado nilikaa siku mbili bila kufungua mdomo. Kwa sababu nilijua kitu ambacho madam hakukijua: ngazi iliyotiwa gundi hailizwi na AC.

Haya. Yaliyotokea ni haya.

Kila kidato kinabanwa kwa chini na kabari. Unatia gundi, unagonga. Vidato kumi na moja vya chini ulinituma mimi, kwa sababu goti lako lilikataa kutambaa. Ilikuwa Agosti, AC haijafungwa. Nilifika pale mwisho panapobana, tumbo langu, ambalo ulikuwa ukilisalimia kabla yangu, likakwama, na kopo la gundi nilikuwa nimelisahau nje. Nikajua nikitoka kulifuata sitarudi. Nikagonga kabari zote kavu.

Nilipotoka ukaniuliza, "Umeshatia gundi?" Nikasema, "Nimetia, Fundi." Ukanitazama. "Zote?" "Zote." Ukanipa maji. Kesho yake nilikwenda Al Twar kufunga milango, na ule ubao wa kuziba chini ya ngazi ukaufunga peke yako. Wiki tatu baadaye moyo wako ukasimama.

Ijumaa nilimwambia madam yote, Nduku akisikiliza nyuma ya pazia. Nikasema, si mzee, ni mimi. Akanipa mpaka jioni niwe nimeitengeneza.

Nilidhani nitalazimika kuuvunja ubao wako. Haukuwa na gundi. Ulishikwa kwa skrubu nne tu, zimepakwa nta zisikwame. Wewe, uliyesema skrubu ni za wavivu. Nikaingia na tochi. Kuanzia kidato cha kumi na moja kushuka hadi cha saba, kabari zilikuwa na gundi, kingo zimefutwa kwa kitambaa, kwa mkono wako. Sita za mwisho, pale panapobana, zilikuwa kavu kama nilivyoziacha.

Ulijua. Ulitambaa na goti lile hadi pale ulipoweza. Ukarudi, tukanywa chai wiki tatu, hukusema neno. Nadhani ulinisubiri niseme mwenyewe.

Zile sita nimezitia gundi mimi, nikilia mle ndani kama mtoto. Watu wa Jumamosi walirudishwa getini. Watoto wamerudi juu. Nimekwenda mara mbili saa tisa, nikasimama chini ya ngazi. Haikulia. Nilitegemea ningefurahi.

Nisamehe, Fundi. Nilipaswa kulisema ukiwa umeshika kikombe. Nakuahidi, ngazi yoyote nitakayoifunga nitaingia chini yake na kopo mkononi, na atakayeniuliza atapata jibu la kweli kabla hajauliza mara ya pili. Pumzika, mzee wangu. Pumzisha na hilo goti.

Wako,
Mutua