Karatasi Nyeupe Nyuma ya Sindano

Chumba cha Mashine,
Nyuma ya Duka la Viatu.
Jumapili, mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za huko uliko? Wifi yangu amepata nguvu baada ya kujifungua? Na huyo mgeni wenu mdogo analala, au anawakesha? Huku mgongo wangu unanisumbua kama kawaida, na mwenye nyumba bado anaahidi kuziba paa. Ningependa kukuambia kwamba sote tu wazima, lakini siwezi. Kaa kitako kwanza usome taratibu.

Unaijua ile mashine yetu ya kudarizi, na sindano zake kumi na tano zilizojipanga kama meno. Unajua pia kwamba kutunga uzi ni kazi ya mama. Uzi ukikatika mimi huinama, naulamba, nakodoa macho, nakosa tundu, nalaani kimoyomoyo. Mama hunisukuma kwa nyonga tu, na kabla sijamaliza kulalamika uzi umeshapita.

Basi mwezi huu fundi wa mashine alinifundisha mbinu. Unabandika karatasi nyeupe nyuma ya sindano, na uzi unaukata mshazari kwa mkasi mkali. Tundu linajitokeza lenyewe. Nikajaribu, nikapata mara ya kwanza! Nilijipigia vigelegele peke yangu. Mama naye akaisifu karatasi, ati macho yalikuwa yameanza kuchoka na sasa anaona tundu kama dirisha. Nikavimba kichwa, kila mteja nikamsimulia.

Juzi nikafanya usafi. Karatasi ilikuwa imelowa mafuta ya mashine, nikaibandua na kuitupa, nikijua nitabandika nyingine. Nikazipanga upya na koni za uzi kwenye rafu, maana mama anazipanga kwa mtindo anaoujua yeye tu. Kisha nikatoka kununua vitambaa.

Niliporudi alikuwa ameshabadilisha nyuzi na kutoa nembo ya kwanza ya shule, ile ya simba wa njano amesimama kwenye majani. Akainyanyua juu anionyeshe, uso wote furaha. Simba alikuwa wa kijani. Majani ndiyo yalikuwa ya njano.

Nilicheka. Nilidhani ni utani, si unamjua mama?

"Huyu ametoka vizuri," akasema. "Na hiyo karatasi yako, mwanangu, Mungu akubariki. Nimetunga bila taabu."

Nikatazama nyuma ya sindano. Hakuna karatasi. Nikatazama kwenye ndoo ya taka, imo, imejikunja. Kicheko kikanikauka mdomoni. Nikamnyooshea vidole mbele ya uso, nikamwuliza ni vingapi. Akakisukuma kiganja changu pembeni. Kisha akasema nisimfanye mtoto mdogo.

Mdogo wangu, mama haoni. Anaona mwanga na vivuli, basi. Kumbe sindano hizi zina mfereji mwembamba mbele, unashuka mpaka kwenye tundu. Mama huteremsha ukucha kwenye mfereji huo mpaka unase, kisha uzi unafuata. Rangi anazijua kwa mahali zilipo kwenye rafu. Na mimi ninayeshinda naye meza moja, nala naye, nagombana naye, sikujua! Bado siamini. Naosha vyombo, nakumbuka, nalazimika kukaa chini.

Nilimfokea, sikufichi. Nikamwambia simba ni wa kijani, na kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Akajibu, "Nani amekufa hapa? Nipe mkasi nimfumue huyo simba wako."

Baadaye ndipo aliposema anachoogopa. Akienda hospitali atakatazwa mashine, na bila mashine yeye ni nani? Nikamwambia huenda ni mtoto wa jicho tu, anatolewa. Jirani muuza viatu alitolewa, sasa anasoma gazeti na kutubishia habari zote. Mama akatikisa kichwa. Leo asubuhi nikaanza tena, akatikisa tena.

Basi nikaitoa ile picha ya mtoto mliyotuma. Ile ambayo mama alikuambia kwenye simu kwamba mtoto ni marehemu baba mtupu, mpaka ukalia. Nikamwekea mkononi. Nikamwambia, mama, huyu hajafanana na baba hata kidogo. Pua ni yako, paji la uso ni lako, hata sikio lililochomoza ni lako. Huyu ni wewe.

Akaipapasa picha juu mpaka chini, muda mrefu. Ni laini tu, haina kitu cha kushika.

"Kesho uniamshe mapema," akasema. "Twende huko hospitali."

Barua hii ikikufikia tutakuwa tumeshakwenda. Ukipiga simu mwulize habari za daktari, usimkumbushe alichosema juu ya mtoto, ataona aibu.

Nisalimie wifi sana, na mjomba seremala, na binamu zetu wote wanaonidai barua. Mama anawasalimu. Anasema picha nyingine msitume kwanza, anataka aanze na hii.

Mungu awatunze nyumbani kwenu, na kesho atutangulie njiani.

Wako akupendaye, hata ukichelewa kujibu,
Dada yako.