Alama Moja ya Aliyekuwa wa Mwisho

Mjukuu wangu, mume wangu Deusi,

Shikamoo yako imefika Kasense, marahaba. Mpinzani wako, babu yako, anakohoa kidogo, lakini ulezi tumevuna. Unauliza kama chuo chenu kinaweza kuitwa bora wakati kimefungwa mpira. Ngoja nikuungamie jambo.

Enzi za Ujamaa nilisoma chuo cha ualimu, msichana mwenye haya. Tulishindana na chuo jirani, na kombe la jumla lilihesabu alama za michezo yote. Mpira tulifungwa, netiboli tukashinda, zikabaki mbio ndefu. Nikawa wa mwisho, watu wakinicheka. Nikajificha kwenye mahindi ya chuo nikilia, nikijua nimewapotezea kombe.

Mara nikamsikia rafiki yangu Kalista: "Wewe, toka humo! Kombe letu!"

"Usinitanie."

"Mkimbiaji wao mmoja alikaa chini kichakani njiani, hukumwona, hakupata kitu. Kila anayemaliza ana alama; wewe umemaliza, umepata moja. Tumewazidi hiyo hiyo moja!"

Nikaketi palepale kwenye tuta, nikacheka huku machozi yakinitoka.

Basi, nani kwenu alimaliza wa mwisho? Mpe mkono, umwambie bibi anamsalimu.

Bibi yako,
Skola