Bakuli la Bi Tatu

Jadida, Wete,
Pemba.
12 Aprili 2025

Mpendwa Mama Mdogo Devotha,

Shikamoo, na salamu nyingi kutoka huku kisiwani. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua umeanza, au bado unabishana na daktari? Sisi wazima. Mume wangu Hafiz kafunga Ramadhani nzima na shati bado halimfungi tumboni.

Uliniuliza kwenye simu kama majirani wamenipokea, Mkristo wa Karagwe mimi peke yangu mtaani. Nikasema ndiyo, ndiyo, nikakata. Nilikudanganya, Mama. Nilikuwa nalia. Nilikuwa nimemkosea Bi Tatu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta.

Ilianza siku ya kwanza ya mfungo. Magharibi akaniletea bakuli la majimbi ya nazi. Sasa huku bakuli la jirani halirudishwi tupu, Hafiz alishanionya. Kesho yake nikalirudisha na tambi. Likaja na kaimati. Nikapeleka ndizi na maharage kama tunavyopika kwetu. Likaja na pweza! Jamani, pweza nimrudishie nini? Kufika siku ya ishirini nilikuwa naingia jikoni saa nane mchana, mikono imekufa ganzi, na mwenyewe hata sifungi.

Basi nikachoka. Nikaliosha, nikalikausha, nikalirudisha tupu.

Hafiz aliposikia alishika kichwa. "Umemwambia huutaki ujirani wake!" Na kweli, siku tatu Bi Tatu kimya, hata kikohozi chake sikisikii. Nikajiona mgeni kama siku niliposhuka bandarini na sanduku langu. Miaka miwili ya kujipendekeza, nimeiharibu kwa bakuli moja! Niliumia, sikufichi.

Siku ya nne nikajitanda khanga, nikaenda kuomba radhi, maneno nimeyakariri usiku kucha. Sikuyafikia. Alinivuta ndani, akafunga mlango.

"Ewe mwana weye, alhamdulillahi umelirudisha tupu! Mie mgongo wanikata, nazi zangu zote zimekwisha. Lakini nikasema huyu wa bara hanishindi, wallahi!"

Kumbe kile kimya alikuwa amelala kuupumzisha mgongo! Tulicheka mpaka Hafiz akaja kuchungulia dirishani.

Hafiz huyo anakuamkia. Nisalimie Baba Mdogo Gregory, na Abeli umwambie aache uvivu wa kupiga simu. Mungu awape siha, na migomba yenu izae mpaka ielemewe.

Ngoja nikwambie na hili kabla sijafunga bahasha. Jana nipo jikoni, mlango wa uani ukafunguliwa. Bi Tatu huyo, bila hodi, mikono mitupu. Akafunua sufuria langu, akaonja, akakunja uso, akaongeza chumvi. Akajipakulia, akakaa kwenye kibao changu akala. Mimi namtazama tu, mwiko mkononi.

"Lete maji," akasema. "Wanitazama nini, kwani mimi mgeni?"

Mwanao akupendaye na asiyekusahau,
Epifania