Redio Isiyotangaza

Likasi, tarehe 8 Juni 2025

Kwa Yaya Stéphanie, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu za nyumbani, pamoja na baridi hii inayotuvalisha masweta hata kanisani. Huko Cape Town u mzima? Kifua kimepona? Sisi tunaamka, tunamshukuru Mungu. Magoti yanamsumbua Mama, lakini sauti yake ya kuimba bado ni ileile.

Barua yako imefika pamoja na ile picha ya anga. Nimeielewa, Yaya, usinifafanulie kama mtoto. Makundi ya galaksi yakigongana, katikati huenea mwanga hafifu wa redio usio wa galaksi yoyote, nanyi hamuuoni vizuri mpaka muondoe kwanza zile zinazong'aa. Tulisoma fizikia sote wawili. Nafasi ya kwenda kusoma nje ilikuwa moja, ikawa yako. Mimi nina chaki ya ualimu.

Tangu umwambie Mama kwamba unasomea redio, kila jioni anafungua redio yake kutafuta sauti yako. Nilimweleza kuwa antena zenu hazitangazi, zinasikiliza tu, na kwamba hata ule mvumo kati ya stesheni, sehemu yake hutoka angani. Nilidhani ataizima. Akaiacha palepale kwenye mvumo! Jirani yetu Papa Évariste akauliza kutoka uani kwake ni redio gani hiyo isiyopitisha hata komunike ya kutangaza matanga. Mama akamjibu: “Papa Évariste, nyamaza, mutoto yangu iko ku kazi.”

Mimi ninayemsongea bukari na kumchua magoti, nikifungua kinywa ananinyamazisha asikie kelele zako. Kila jioni nilikaa kando yake nikiuma meno. Nilikuwa nikifanya kazi yako hiyohiyo, Yaya: kukuondoa, nione kama kwa Mama kutabaki kitu.

Jumamosi nikaizima kwa hasira. Mama hakunigombeza. Alisema yeye si mjinga, anajua humo hamna sauti ya Stéphanie. Ila tangu uondoke, mimi nikitoka shuleni hujifungia chumbani, na wivu wa redio ndio pekee unaoniketisha karibu naye. Ndiyo maana haizimi.

Nilitaka neno hili libaki langu, maana mengine yote ni yako. Limenishinda kulificha.

Mama anakusalimu sana. Papa Évariste anauliza lini utasoma komunike ya kwanza redioni. Mungu akulinde, na uvae sweta.

Ukitaka kupiga simu, piga asubuhi. Jioni ni yangu.

Mdogo wako,
Elikia